Wiki tano India walipokwenda kuishi kwa adui

SHABIKI wa Simba na shabiki wa Yanga wanaweza kurushiana maneno wiki nzima, wakanuniana siku ya mechi, halafu Jumatatu wakakutana kwenye kibanda kimoja cha chai. Ndiyo maana tunauita utani wa jadi. Aliyefungwa anachekwa, maisha yanaendelea.

India na Pakistan hawana bahati hiyo. Hawa ni ndugu waliotenganishwa na mstari uliochorwa mwaka 1947, Mwingereza alipofungasha virago. Mamilioni walihama huku na kule, wengi mno waliuawa njiani, na tangu hapo wamepigana vita zaidi ya mara moja. Wote wawili wana silaha za nyuklia. Na wote wawili wanaipenda kriketi kwa kiwango ambacho mtu wa Kariakoo hawezi kukiamini mpaka akione kwa macho yake.

Sasa fikiria timu ya nchi moja inapakia mabegi, inavuka mpaka na kwenda kukaa kwa adui. Si kucheza mechi moja na kugeuza na basi usiku uleule. Wiki tano, miji mitano, mechi nane za ushindani.

Hiyo ndiyo ziara ya India nchini Pakistan, Machi na Aprili 2004. Watu wa kriketi bado wanaisimulia kama wana Simba wanavyosimulia ile safari ya Cairo ya 2003, walipoing'oa Zamalek kwa penalti.

KABLA YA NDEGE KUPAA

Mara ya mwisho India kucheza mechi za Testi, zile za siku tano, kwenye ardhi ya Pakistan ilikuwa 1989. Katika ziara hiyo dogo mmoja wa miaka 16 aliyeitwa Sachin Tendulkar alianza kazi pale Karachi. Mechi hiyohiyo ndiyo aliyoanza nayo Waqar Younis wa Pakistan. Baadaye kule Sialkot mpira wa Waqar ulimpiga Tendulkar puani, damu ikamwagika, wakubwa wakataka atoke. Dogo akagoma, akaendelea kupiga.

Baada ya hapo mambo yakaharibika. Mwaka 1997 India walikwenda kwa mechi tatu tu za siku moja, na Karachi wachezaji wao wakarushiwa mawe. Mwaka 1999 vita ya Kargil ikapiganwa milimani. Desemba 2001 Bunge la India likashambuliwa, na 2002 majeshi ya nchi hizi yakakaa yanatazamana mpakani vidole vikiwa kwenye risasi. Katika hali hiyo nani anaanza kuzungumzia ratiba ya kriketi?

Januari 2004 ndipo upepo ulipogeuka. Waziri Mkuu wa India, Atal Bihari Vajpayee, alikwenda Islamabad kwenye mkutano wa nchi za Asia ya Kusini na akakaa mezani na Rais Pervez Musharraf. Ziara ikapata baraka. Lakini usidhani ilikuwa rahisi. India walikuwa wanaelekea kwenye uchaguzi mkuu, na wapo waliotaka safari isogezwe mbele. Timu ikipigwa kule, nani atakwenda jukwaani kuomba kura?

Kulikuwa na suala la usalama pia. Mei 2002 bomu lililipuka nje ya hoteli ya Karachi wakati New Zealand wakiwa wamefikia hoteli ya jirani, na Kiwi hao wakapanda ndege kurudi kwao siku hiyohiyo. India wakakataa kucheza Testi Karachi na Peshawar. Wakakubaliana: miji hiyo itapata mechi moja moja ya siku moja. Timu iingie, icheze, iondoke.

Kabla ya kuondoka Vajpayee aliwakabidhi wachezaji gongo lenye maandishi ya Kihindi. Ujumbe wake ulikuwa kwamba wasishinde mechi tu, washinde na mioyo. Ukimpa kocha wa Bongo ujumbe wa aina hiyo kabla ya dabi atakuuliza kama uko timamu.

Nahodha wa India alikuwa Sourav Ganguly. Wakenya wanamkumbuka vizuri, maana mwaka mmoja tu kabla, kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia pale Durban, ndiye aliyewapiga mikimbio 111 bila kutolewa na kuzima ndoto ya majirani zetu. Kwa kina Yuvraj Singh na Zaheer Khan ndiyo usiseme: mechi yao ya kwanza kabisa ya kimataifa waliichezea Nairobi, Oktoba 2000, dhidi ya Kenya hiyohiyo.

KARACHI ILIPOSIMAMA

Mechi ya kwanza ilikuwa Machi 13, Karachi. Mji uleule wa mawe ya 1997, mji uleule wa bomu. Askari walijaa kila kona.

Kwa wasioufahamu mchezo: katika mechi ya siku moja kila timu inarushiwa ova 50, na ova moja ni mipira sita. Kwa hiyo una mipira 300 ya kutafuta mikimbio mingi uwezavyo kabla watu wako 10 hawajatolewa. Kisha mnabadilishana. Wa pili anajua anachokifukuza, na hapo ndipo roho za watu zinapotokea mdomoni.

India walianza, wakapiga 349. Virender Sehwag aliwasha moto kwa 79, Rahul Dravid akafika 99 na Shoaib Akhtar akamng'oa akiwa anahitaji mkimbio mmoja tu kutimiza mia. Kwa miaka ile 349 ilikuwa ni kama kwenda mapumziko ukiwa mbele 4-0.

Pakistan hawakuambiwa hivyo. Nahodha wao Inzamam-ul-Haq, jamaa mnene, mpole, anayekimbia kama aliyelazimishwa, alipiga 122. Alipotoka, wenzake wakaendelea kusogea, mpira kwa mpira.

Mwishoni Shoaib Malik akaupiga mpira juu. Hemang Badani alikuwa chini yake akiusubiri. Mohammad Kaif akatokea mbali, mbio, akajirusha mbele ya mwenzake na kuudaka huku wakikosana kugongana kwa sentimita chache. Mtu wa mpira wa miguu, mwite kipa anayetoka golini, anamruka beki wake mwenyewe na kuucheza mpira kabla ya straika. Wangegongana ingekuwa balaa. Hawakugongana.

Ova ya mwisho, Pakistan wanataka mikimbio 9. Ashish Nehra ndiye mrushaji. Mpira wa mwisho kabisa wanataka 6, na anayepiga ni Moin Khan. Yaani akiupeleka nje ya uwanja bila kugusa chini, mechi imekwisha.

Hapa lazima nikukumbushe kitu. Kocha wa Pakistan siku hiyo alikuwa Javed Miandad. Na Miandad ndiye yule aliyeupiga mpira wa mwisho wa Chetan Sharma kwa sita, Sharjah, Aprili 1986, na kuwaliza Wahindi kwa miaka. Kila Mhindi aliyekuwa uwanjani Karachi alikuwa anaiona Sharjah mbele yake.

Moin akapiga. Mpira ukapaa, lakini haukwenda mbali. Zaheer Khan akaudaka. Pakistan 344, India wameshinda kwa mikimbio mitano.

Watu wa Karachi wakasimama. Wakaipigia makofi timu iliyotoka kuwafunga, timu ya nchi ambayo miaka miwili nyuma ilikuwa imewaelekezea mizinga. Hakuna jiwe lililorushwa. Kati ya mambo yote ya ziara ile, makofi hayo ndiyo yaliyowashangaza Wahindi kuliko ushindi wenyewe.

TEKSI YA BURE NA NYAMA YA USIKU

Mechi mbili zilizofuata zilikuwa za Pakistan. Rawalpindi Tendulkar alipiga 141 na bado India wakalala kwa 12, maana Pakistan walikuwa wameshaweka 329, Shahid Afridi akiwa amewasha na 80.

Huyu Afridi ana kisa chake Afrika Mashariki. Oktoba 1996, Nairobi Gymkhana, akiwa kinda ambaye hajapiga hata mpira mmoja wa mechi za kimataifa, aliwatandika Sri Lanka mikimbio mia kwa mipira 37. Rekodi hiyo ilikaa miaka 17. Mwenyewe anasema gongo alilotumia lilikuwa la Tendulkar, ambaye alimpa Waqar alipeleke Sialkot likatengenezewe mfano wake. Ndiyo, gongo la Mhindi, mkononi mwa Mpakistani, Nairobi. Na Sialkot hiyo ndiyo ileile iliyotengeneza mipira ya Kombe la Dunia la soka 2014 iliyoitwa Brazuca, kwa hiyo hata sisi watu wa soka tunadaiwa na mji ule.

Peshawar Pakistan wakashinda tena. Sasa ni 2-1, na India wanahitaji mechi mbili mfululizo, zote Lahore.

Lahore iko jirani na mpaka wa Wagah, pale askari wa pande zote mbili wanaporushiana mateke ya hewani kila jioni wakishusha bendera. Pakistan ilitoa viza kwa maelfu ya mashabiki wa India. Wengi waliingia kwa miguu kupitia lango hilo. Wapo wazee waliozaliwa Lahore kabla ya 1947 na hawakuwahi kurudi.

Simulizi walizorudi nazo ndizo hizohizo, mtu baada ya mtu: dereva teksi akijua wewe ni Mhindi hachukui nauli, mwenye duka la vitambaa anakataa hela, mwenye mgahawa anakwambia wewe ni mgeni wetu. Uwanjani watu walipaka bendera mbili usoni, moja kila shavu. Siku ya mechi ya tano alikuwepo Dina Wadia, binti wa pekee wa Muhammad Ali Jinnah, mwasisi wa Pakistan. Baba alijenga nchi, binti akabaki upande wa pili. Kriketi ndiyo iliyomleta.

Na Ganguly? Nahodha alichoka na ulinzi. Usiku mmoja akachomoka hotelini kimyakimya na marafiki, kofia ameishusha usoni, akaenda mtaa wa vyakula wa Gawalmandi kula nyama ya kuchoma. Akatambuliwa. Umati ukajaa, na mwenye mgahawa akawa hataki kupokea pesa. Kesho yake simu ikalia. Alikuwa Musharraf mwenyewe, Rais na jenerali, akimwambia kwa upole kwamba akitaka kutoka tena awaambie walinzi. Ganguly aliandika kwenye kitabu chake kwamba kumkabili mrushaji mkali kulikuwa na nafuu kuliko simu ile.

Uwanjani India walimaliza kazi. Machi 21 Inzamam alipiga mia nyingine, lakini Dravid na Kaif wakakaa mpaka mwisho na kuufikia mzigo wa 294. Machi 24 VVS Laxman akapiga 107 na Pakistan wakaishia 253. India 3, Pakistan 2. Hawakuwahi kushinda mfululizo wa siku moja kwenye nchi ile.

SULTANI WA MULTAN

Halafu zikaja Testi tatu. Huko India hawakuwa na historia ya kujivunia: walikuwa wamecheza Testi 20 Pakistan tangu miaka ya 1950 na hawajashinda hata moja. Ishirini! Timu yako ikienda ugenini mara 20 bila ushindi, wewe msomaji ungekuwa umeshahama.

Multan ni kwao Inzamam. Ganguly alikuwa ameumia mgongo, unahodha ukashikwa na Dravid.

Sehwag hakujali. Huyu hakuwa mtu wa kusubiri. Testi zinataka subira, watu wanaacha mipira ipite kama wazee barazani, yeye alikuwa anapiga kila kinachokuja. Miezi mitatu nyuma, Melbourne, alikuwa na 195 akajaribu sita ili avuke 200 kwa mbwembwe, akadakwa. Safari hii Tendulkar, aliyekuwa akipiga naye, alimwambia: ukijaribu tena sita nitakucharaza na gongo hili. Kisa hiki Sehwag amekisimulia mwenyewe mara nyingi, kila mara akicheka.

Jioni ya siku ya kwanza alikuwa na 228. Kesho yake akafika 295. Mbele yake Saqlain Mushtaq, mrushaji mjanja aliyezungusha mpira mpaka vitabu vikaandikwa. Sehwag akamwambia Tendulkar kwamba huyu akija namfuata. Akaja. Akamfuata. Mpira ukatua nje ya mstari, 301, Mhindi wa kwanza kufika 300 katika Testi. Alitolewa akiwa na 309. Magazeti yakambatiza Sultani wa Multan, kwenye mji wa Inzamam.

Lakini kilichozua mjadala ni kingine. Tendulkar alikuwa na 194, hajatolewa, India wana 675, siku ya pili inakaribia kuisha. Mikimbio sita afike 200. Dravid akapunga mkono: inatosha, tunafunga, wakapige wao. Ni kama kocha amtoe straika mwenye mabao mawili dakika ya 85 wakati penalti imeshatolewa na mpira uko kwenye kisigino chake. Tendulkar hakuficha kwamba ameudhika. India nzima ikagawanyika kati ya wanaosema timu kwanza na wanaosema hata ova moja zaidi ingemdhuru nani?

Mimi nasimama na Dravid, japo najua nitatukanwa. Alihitaji muda wa kuwang'oa Pakistan mara mbili, na muda kwenye kriketi ni mali. Hesabu ilijibu. Pakistan walipiga 407, wakarudishwa kupiga tena, Anil Kumble akawanyoosha kwa kuwatoa sita, wakaishia 216. India wakashinda kwa ingizo zima na mikimbio 52. Testi ya 21, ushindi wa kwanza.

Humo ndani kulikuwa na dogo wa miaka 19, Irfan Pathan, mtoto wa familia ya msikitini kutoka Baroda. Miandad alikuwa ameshasema kwamba warushaji wa aina ya Pathan wako kila kichochoro cha Pakistan. Dogo akamjibu kwa mpira, mechi baada ya mechi. Aliyependwa zaidi, hata hivyo, alikuwa Lakshmipathy Balaji, kijana wa Chennai mwenye tabasamu lisiloisha. Majukwaa ya Pakistan yalikuwa yakimwimbia. Wao wenyewe! Wanamwimbia mrushaji wa India anayewapiga.

Testi ya pili, Lahore, Pakistan walirudi na hasira. Umar Gul aliwatoa watano na mwenyeji akashinda kwa wiketi tisa. Ya tatu, Rawalpindi, Dravid alikaa uwanjani zaidi ya saa 12 na kupiga 270. Hakuna la kusimulia sana, Dravid alikuwa akipiga kama fundi anayejenga ukuta, tofali kwa tofali, na mwisho wa siku unaona nyumba. India wakashinda kwa ingizo na 131, mfululizo 2-1, Aprili 16.

Vajpayee alishindwa uchaguzi Mei. Kombe halikumsaidia.

KILICHOFUATA

Kwa miaka michache mlango ulibaki wazi. Pakistan walikwenda India 2005, India wakarudi 2006, Pakistan wakaenda tena 2007. Watu wakaanza kuzoea, wakadhani ndiyo maisha.

Novemba 2008 Mumbai ikashambuliwa, zaidi ya watu 160 wakauawa, na India wakafuta ziara iliyokuwa imepangwa miezi michache mbele. Sri Lanka wakakubali kwenda badala yao. Machi 3, 2009, basi lao likamiminiwa risasi Lahore likielekea uwanjani. Wachezaji walijeruhiwa, askari sita na raia wawili wakafa. Pakistan ikakaa miaka bila kupokea wageni wakubwa, ikawa inachezea mechi za nyumbani Dubai, Abu Dhabi na Sharjah.

Wengine walirudi kidogokidogo. India hawakurudi. Mwaka 2025 Pakistan waliandaa Kombe la Mabingwa, India wakasema hatuji, mechi zao zikapelekwa Dubai. Wakafika fainali, kwa hiyo fainali nayo ikahamia Dubai, na mwenyeji akaitazama kwenye runinga. Septemba mwaka huohuo, kwenye Kombe la Asia, baada ya mapigano mengine mpakani mwezi Mei, wachezaji wa India hawakuwapa mkono wenzao wa Pakistan. Walipochukua ubingwa wakakataa kupokea kombe kutoka kwa Mohsin Naqvi, mkuu wa kriketi ya Asia ambaye pia ni waziri wa Pakistan.

Wapo watakaosema India wako sahihi, huwezi kucheza na mtu unayeamini anakupiga risasi. Wapo watakaosema wachezaji hawakuwahi kumpiga mtu risasi. Hoja zote mbili zilikuwepo 2004 pia, na wenye nchi waliamua kupakia mabegi.

Testi ya mwisho kati yao ilichezwa Bangalore, Desemba 2007. Virat Kohli, nyota mkubwa kuliko wote waliokuja baada ya Tendulkar, alistaafu Testi Mei 2025 akiwa amecheza mechi 123. Hakuna hata moja dhidi ya Pakistan.